Viatu vya Dhahabu vya Kidawa

Bei hushuka, mguu haupungui. Mmenisikia nikimwambia jirani hivyo, mkacheka bila kujua mnachekea nini. Kaeni. Methali hii ilizaliwa katika ukoo wetu, namna hii.

Zawena, binti wa kaka yetu, alikuwa anaagwa. Kwetu, shangazi mkubwa ndiye humwingiza bibi harusi ukumbini kwa kucheza. Asipocheza, wakwe husema binti ametolewa kwa kinyongo. Shangazi huyo alikuwa dada yangu Kidawa.

Tukaenda kwenye yale maduka ya nje ya mji, ambako kampuni za fahari huuza zenyewe mali ya msimu uliopita kwa bei iliyokatwa. Duka la viatu lilikuwa na mlinzi mwenye tai, na zulia unaloogopa kulikanyaga. Kidawa akaona jozi ya rangi ya dhahabu, bei imekatwa mara mbili kwa wino mwekundu.

"Ni namba thelathini na nane, mama," muuzaji akasema. "Ndiyo jozi ya mwisho, na vitu vya punguzo havirudishwi."

"Wewe unavaa arobaini na moja," nikamkumbusha.

"Ngozi hutanuka. Wivu wako ndio unaokubana. Nifungie, mwanangu."

Wiki nzima alivijaza magazeti yaliyoloweshwa. Havikutanuka hata uzi.

Siku ikafika, muziki ukapigwa. Kidawa akamshika Zawena mkono, akapiga hatua nne, akasimama kama nguzo. Wakwe wakatazamana.

"Shangazi, vipi?" Zawena akanong'ona.

"Miguu imegoma."

"Vivue!"

"Mbele ya wakwe?"

"Heri waone miguu yako kuliko waseme umenuna."

Kidawa akavivua, akavinyanyua juu, kimoja kila mkono, akacheza pekupeku mpaka mapambo yakatikisika. Mama mkwe wa Zawena akaangua kicheko, akavua vyake, akamfuata. Wimbo ulipokwisha, wanawake wote walikuwa peku.

Walipoketi, mama mkwe akachungulia soli. "Thelathini na nane! Kwa mguu huo?"

"Bei ilishuka," Kidawa akajitetea.

"Bei hushuka, mkwe mwenzangu. Mguu haupungui!"

Vigelegele vikapasua ukumbi. Toka hapo, tukiingia dukani tunauliza namba kabla ya kusoma bei. Na anayetukumbusha kwa sauti kubwa kuliko wote ni Kidawa mwenyewe, huku akijicheka: bei hushuka, mguu haupungui.