Mama Aliyesubiri Meza Ijae

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja, mkulima wa viazi kule Njombe, ambaye mwanawe alikuwa akisoma Japani. Kijana alipohitimu akamwita mama yake kwenye mahafali. Basi yule mama, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda Iringa kwa dada yake, akapanda ndege. Akakaa kule siku tisa. Siku ya mwisho, kesho yake anarudi, kijana akamwambia, "Mama, huwezi kuondoka hujala sushi. Kuna mzee mmoja jirani yangu, fundi hasa. Mchana huu ametuwekea nafasi."

Mama alishasikia habari za sushi. Samaki mbichi! Kwao samaki mbichi ni chakula cha paka. Lakini akajisemea moyoni, "Nitakula. Mwanangu simwaibishi mbele ya wenyeji wake, hata kama itabidi nimeze bila kutafuna." Mnacheka? Haya, ingekuwa wewe ungefanyaje?

Wakafika. Mkahawa wenyewe mdogo, viti vinane tu mbele ya kaunta, na nyuma ya kaunta amesimama mzee amevaa nguo nyeupe pee. Mzee akainama kuwasalimu, mama naye akapiga goti kidogo kama tunavyofanya. Mzee akachota wali kidogo, akaukanda mkononi, akaweka juu yake kipande cha samaki, akalaza tonge moja mbele ya mama. Tonge dogo la kuingia mdomoni mara moja.

Mama akalitazama, akatulia. Unajua kwa nini? Kwao chakula kinaombewa mara moja, kikishakamilika mezani. Ugali uje, mboga ije, maji yaje, ndipo watu wafumbe macho. Nani ameombea nusu ya chakula? Basi akakunja mikono, akasubiri meza ijae.

Likaja tonge la pili. Mama katulia. La tatu. Mama katulia, tena anatabasamu kwa heshima. Kijana pembeni alikuwa anakula zake. Alimwona mama hali, akadhani samaki mbichi amemshinda, akaona vibaya kumlazimisha mbele za watu.

Baada ya lile la tatu mzee akaacha. Akamkandia mgeni wa kushoto, akamkandia wa kulia, akamkandia kijana. Wote wanapokea, wanafumba macho kwa utamu, wanapokea tena. Akifika kwa mama, anainamisha kichwa, anapita.

Mama akaanza kuumia. Mtu mzima, matonge matatu? Wenzake wanaongezwa, yeye anarukwa kama hayupo! Labda kiatu chake. Labda kile kitenge alichovaa. Labda mzee alishamwona mshamba tangu mlangoni. Machozi yakamlengalenga. Siku yake ya mwisho na mwanawe, mbele ya watu, amebaguliwa mezani.

Akamvuta kijana mkono. "Mwanangu, hebu muulize huyu mzee. Nimemkosea nini?"

Kijana akashtuka, akauliza kwa Kijapani. Mzee akaweka kisu chini, uso umemwiva kwa aibu, akainama chini kabisa. Akajibu, na kijana akatafsiri: "Mama, anasema alitaka akuulize wewe hivyo hivyo. Yeye amekukosea nini?"

"Anikosee nini? Mimi namsubiri amalize kuandaa, niombee chakula, nile!"

"Naye anasema anakusubiri wewe ule. Tonge analikanda likiwa na joto la kiganja chake, na linaliwa pale pale. Hawezi kuweka la nne wakati la kwanza bado linakungoja."

Mama akayatazama yale matonge matatu. Halafu akaangua kicheko, kijana akacheka, na mzee, alipotafsiriwa habari za maombi, akacheka mpaka akashika kaunta. Mama akafumba macho, akaomba haraka haraka, akala yale matatu. Yamepoa, wali umekauka juu. Si mabaya, akasema. Anayavumilia.

Mzee akakanda la nne. Safari hii mama hakungoja, akalipokea na kuliweka mdomoni. Wapendwa, wali una joto, samaki analainika mwenyewe kwenye ulimi! Mama akafungua macho wazi. Kisha akamgeukia mwanawe, na sasa hacheki tena.

"Muulize. Na yale matatu yalikuwa hivi?"

Mzee akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Ndiyo, mama. Yote yalikuwa hivi."

Sasa tuje kwetu sisi. Sisi tunaokunja mikono na kumwambia Mungu, "Kamilisha kwanza." Nyumba ipauliwe, ndipo nitashukuru. Mtoto amalize chuo, ndipo nitamfurahia. Na mtoto mwenyewe yuko darasa la pili, jana amesoma sentensi yake ya kwanza, akaja nayo mbio, ukamwambia subiri nina kazi. Mume amerudi salama, ukamuuliza liko wapi lile bati la jikoni alilosema atanunua. Homa imetoka usiku, asubuhi unalalamika mgongo. Halafu tukija hapa kanisani tunalia, "Bwana, wenzangu unawaongeza, mimi unanipita. Nimekukosea nini?"

Hebu tazama mbele yako. Kuna nini hapo kinapoa?

Dada yangu, kaka yangu, unasema mwaka wa tatu huu unamsubiri Bwana. Una hakika ni wewe unayesubiri?

Mungu wetu ni mwema, la nne atakanda, wala hatakufukuza mezani. Lakini yale yaliyopoa, yamepoa. Kwa hiyo leo mkifika nyumbani, msingoje ugali uive wala mboga iletwe. Maji ya kunawa yakipita tu, shukuruni.