Kwa Nini Sari Haikatwi

Hapo kale, wanawake wa Bara Hindi walikuwa bado hawajaijua sari. Walivaa nguo za kukatwa na kushonwa, na kitambaa kizima, kisichopitiwa na mkasi, kilikuwa cha kuvikwa maiti tu.

Ndiyo sababu Hirabai alikufa ganzi siku mke mpya wa mwanawe aliposhuka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la maua kumpokea. Msichana yule, Revati, alikuwa amejizungushia kitambaa chekundu, kirefu, kisicho na mshono hata mmoja. Waliokuwa wakiimba wakanyamaza. Sinia likamponyoka Hirabai.

"Unaingia nyumbani kwangu na sanda?" aliuliza.

"Mama yangu alikuwa mfumaji," Revati akasema kwa upole. "Kwetu mama ndiye huikata nguo ya bintiye ya harusi. Alifariki kabla hajaikata. Sitaki mkono mwingine uiguse."

Tangu hapo Hirabai hakugusa chakula alichopika Revati, na walipokwenda kuteka maji, msichana alitembea nyuma, peke yake, na kitambaa chake kile kile.

Asubuhi moja ukingo wa kisima ulimomonyoka, Hirabai akatumbukia, na kamba ya ndoo ikakatika. Akang'ang'ania jiwe, maji ya baridi yamemfika kifuani. Alisikia mayowe huko juu, na watu wakikimbia ovyo kutafuta kamba nyingine. Vidole vilikwisha kuanza kulegea alipoona kitu chekundu kikimshukia.

"Jifunge kiunoni, Mama," ilisema sauti ya Revati. "Nimeshika."

Wakamvuta. Alipofika juu, alichokiona kilimshtua kuliko kisima chenyewe. Revati alikuwa amesimama mbele ya kijiji kizima kwa gagulo na blauzi fupi tu, viganja vinatoka damu, machozi ya aibu yanamtiririka, na bado hajaachia kitambaa. Wazee wa kiume walikuwa wamegeuzia nyuso pembeni. Bibi harusi hakuwa ameonekana hivyo kijijini pale tangu kiumbwe.

Hirabai, maji yakimchuruzika, akajifungua kitambaa kile. Akamzungushia Revati, akakipanga marinda, akayachomeka kiunoni. Ncha iliyobaki akaipitisha begani na kumfunika nayo kichwa.

"Niliyeiita sanda ni mimi," akawaambia watu. "Atakayelirudia neno hilo atapambana na mimi kwanza."

Msimu uliofuata wanawake wenyewe waliwaomba wafumaji wasiikate nguo. Mabinti walioolewa mbali wakaenda nayo, kila jimbo likajizungushia kwa namna yake, na waliovuka bahari hadi Mombasa na Unguja waliitia masandukuni mwao. Na kuanzia siku ile ya kisima, sari ni kitambaa kizima, na ncha yake huachwa ndefu, ikining'inia begani, ili mwenye kuivaa aweze kuifungua upesi mtu akimhitaji.