Bibi Harusi Aliyekaa Kwenye Ngazi

Kaeni, kaeni. Akina mama wenye watoto wanaolia msitoke nje, waacheni walie, sauti yangu ni kubwa kuliko yao. Leo nimewaletea habari ya mapenzi. Naona vijana mmeinua vichwa. Wazee nanyi msijifanye hamkusikia.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akiishi mjini na mumewe. Siku moja mume akamwambia amepata mwingine, na kwamba huyo mwingine anahamia jioni ile ile. Akamfungia nguo zake kwenye shuka, akamtoa kwa mlango wa jikoni, ule unaotokea kwenye majivu na ndoo za uchafu, ili majirani wa mbele wasione. Mwanamke yule akasimama pale nyuma ya nyumba aliyoipiga deki miaka yote ya ndoa yake, akaapa. Hakuapa kulipiza kisasi. Aliapa kwamba mlango wa nyuma hataupita tena maishani mwake.

Akaenda kijijini, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu shangazi yake, huko milimani kwenye baridi na ukungu. Nyumba yenyewe ilivuja. Mvua ikinyesha anahamisha kitanda, ikizidi anakihamisha tena. Lakini alijua kuoka. Akajenga tanuri la udongo uani, akaanza kuuza mikate.

Sasa, kijijini pale alikuwepo bwana mmoja mkulima wa mapeasi, aliyefiwa na mkewe. Akaja kununua mkate mmoja. Kesho yake akanunua miwili. Haukupita muda ananunua minne, na nyumbani anakaa peke yake. Niambieni, mtu mmoja mikate yote hiyo anaipeleka wapi? Mbuzi wake walinenepa mpaka watu wakaanza kuulizana wanalishwa nini.

Ikabidi mwanamke amwambie, "Kaka yangu, mbuzi wako wameshachoka na mikate. Kama una neno, liseme."

"Ninalo," akasema yule bwana, "lakini niache kwanza nikuzibie paa. Neno lenyewe ni refu, mvua isije ikatukatiza."

Basi wakapendana. Mchungaji wao akawasikiliza, akaridhika, akakubali kuwafungisha ndoa. Shida haikuwa ndoa. Shida ilikuwa mlango.

Kanisa la kijiji kile lilikuwa na milango miwili. Mkubwa uko mbele, una ngazi nzuri za mawe. Mdogo uko ubavuni kwa nyuma, mfupi, ukipita lazima uiname. Na walikuwa na desturi yao: mwanamke aliyewahi kuolewa, akiolewa tena, ndoa yake inangoja ibada ya Jumapili imalizike. Kisha mlango mkubwa unafungwa kwa ufunguo, naye anaingizwa kwa ule mdogo, kimya kimya, bila hata pambio. Na mwanamume je, akioa mara ya pili? Aa, mwanamume anaingia kwa mlango mkubwa asubuhi pamoja na watu wote, anakaa mbele, anapewa mkono. Mnacheka? Haya, chekeni mapema.

Mzee wa kanisa aliyekuwa akitunza ufunguo akamfuata mwanamke pale kwenye tanuri lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Jumapili usisahau, ni ule mlango mdogo. Ni unyenyekevu tu, hakuna ubaya."

"Mzee wangu, nilishatolewa kwa mlango wa nyuma na mtu aliyenichoka. Siwezi kuingizwa kwa mlango wa nyuma na watu wanaosema wananipenda."

"Basi hakuna ndoa."

"Basi nitakaa kwenye ngazi za mbele mpaka iwepo."

Jumapili ikafika. Ibada ikaisha, mzee akafunga mlango mkubwa, akautia ufunguo mfukoni mwa koti. Watu wametulia ndani. Bwana harusi amesimama mbele, anautazama mlango mdogo. Hakuingia mtu. Wakangoja. Mmoja akachungulia dirishani akasema, "Yuko kwenye ngazi. Amevaa gauni jeupe, na kikapu cha mikate kiko miguuni pake."

Watu wote wakamgeukia mzee wa kanisa. Mzee akatazama dari. Kufungua ni kushindwa, na yeye hakuwa mtu wa kushindwa na muuza mikate. Basi yule mkulima, na urefu wake wote, akaenda kwenye mlango mdogo, akainama, akatoka, akazunguka, akaketi kando ya mpenzi wake. Mchungaji akabaki na kanisa lisilo na maharusi. Akatia kitabu chake kwapani, akainama, naye akatoka.

Ndipo akainuka bibi mmoja na fimbo yake. Alikuwa mama mzazi wa yule mzee wa kanisa. Akasimama mbele ya mwanawe, akamwambia watu wote wakisikia, "Mwanangu, mimi nilikuwa nimeachika. Siku naolewa na baba yako niliingia kwa mlango ule nikilia, na ndoa hiyo ndiyo iliyokuzaa wewe. Leo natokea pale pale, na ninacheka."

Akatoka. Kanisa zima likamfuata: kwaya, wazee, kamati na tai zao, mmoja mmoja, migongo imepinda. Ndoa ikafungwa kwenye ngazi, juani, kwa vigelegele. Na wa mwisho kutoka alikuwa nani? Alikuwa yule mzee. Aliinama kwenye mlango mdogo, akajigonga kichwa, na ufunguo wa mlango mkubwa ulikuwa mfukoni mwake mwenyewe.

Nawauliza, siku ile aliyefungiwa alikuwa nani?

Wapendwa, sisi tunapenda sana kumfundisha mtu aliyeumizwa unyenyekevu. Amefukuzwa, amesemwa, amejikusanya akaanza upya kwa mikono yake, halafu sisi tunamwambia, pita kule pembeni, usionekane. Huo si unyenyekevu. Ni aibu yetu tunamvisha yeye. Na wewe unayeambiwa leo upite nyuma, nakuambia mbele ya wote hawa: usitukane, usigombane, usirudi mjini. Kaa kwenye ngazi. Sisi ndio tutakaoinama kukufuata.

Sasa hivi mmeacha kucheka, na mnajua kwa nini. Jumamosi tuna ndoa hapa. Dada yetu anayeolewa mnamfahamu, na mliyoyasema kumhusu nimeyasikia. Kamati ilikuja kwangu jana kuomba aingilie mlango wa ofisi, "kwa heshima tu."

Ufunguo wa mlango mkubwa ni huu hapa. Tangu jana ninao mimi, na Jumamosi nitafungua mwenyewe. Tusimame tuombe.