Kwazi Hakuachia

Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa bado na majiko na milango ya kubishiwa hodi, waliishi bwawani Kwazi na Mdiria. Kwazi ni yule ndege mkubwa mwenye kichwa cheupe na kucha kama ndoana. Mdiria ni mdogo, anaenea kwenye kikombe. Wote wawili walikula samaki, ila aliyevua alikuwa Mdiria. Akiibuka tu na samaki, pwaa! Kwazi keshamnyang'anya.

Siku ya tatu bila chakula, makinda ya Mdiria hayakulia tena njaa. Yalilala tu, midomo wazi. Mdiria aliingiwa na hofu, kisha hasira, akaenda kwa Kwazi.

"Hodi!"

"Karibu. Umeleta nini?"

"Habari tu, Mheshimiwa. Kuna samaki amelala matopeni. Majirani wanasema humwezi."

"Majirani gani?"

"Korongo, Bata, na mama mkwe wako. Wako ukingoni, wanangoja."

"Mama mkwe! Ni mkubwa kiasi gani huyo samaki?"

"Mgongo niliouona ni huu," akanyoosha kibawa chake.

Hakusema uongo. Mgongo uliobaki ulikuwa ndani ya matope.

Sasa, ukoo wa Kwazi una desturi yake: anayeachia samaki mbele za watu hulishwa mdomoni kama kinda, mwezi mzima. Anayemlisha ni mama mkwe.

Kwazi akashuka. Vuuu! Chubwi! Kucha zote nane zikazama mgongoni mwa Kambare, mzito kama kinu.

Kambare akaamka. "Nani huyo?" akauliza, akaondoka naye.

"Achia!" Korongo akapiga kelele.

"Siachii! Namvuta!"

"Mbona unamvuta kwenye maji mengi?"

"Ndiko ninakotaka!"

Chapa! Chapa! Mabawa yakalowa yakawa mazito. Maji yakafika shingoni. Mdiria alikuwa akiruka juu yake.

"Mdiria, ndugu yangu," Kwazi akanong'ona, "niamuru niachie. Nitasema ni wewe uliyeniamuru."

Mdiria alimwonea huruma, kweli kabisa. Akawakumbuka wanawe.

"Mimi ni nani, Mheshimiwa, hata nikuamuru wewe?"

Ukingoni mama mkwe akakohoa. Kwazi akakaza kucha.

Bulu. Bulu. Bulu.

Ukoo mzima ulikaa matanga siku tatu. Kila aliyesimama kusema alisema neno lile lile: "Hakuachia." Mama mkwe alilia kwa fahari. Mdiria naye alifika kutoa pole, amefuatana na wanawe watatu, wameshiba hadi wanasinzia.

Basi, wanangu, ukishika kitu kikaanza kukuzamisha, kiachie, hata kama mama mkwe anatazama.