Begi Nyuma ya Mlango

Wale wa viti vya nyuma sogeeni mbele, maana hili la leo linawahusu ninyi kuliko mnavyodhani.

Alikuwepo nesi mmoja, binti wa huku kwetu milimani, aliyeomba mwenyewe kwenda kujitolea nchi ya jirani mwaka ule mafuriko yaliposomba vijiji vyao. Aliaga kwa mwaka mmoja tu. Siku alipofika, yeye na wenzake waliambiwa kila mmoja aweke begi lake tayari nyuma ya mlango, ili mto ukijaa tena waondoke bila kutafutatafuta vitu. Naye akaliweka. Lilikuwa begi la bluu la magurudumu, ndani mna vyeti vyake, nguo zake na kitenge alichopewa na mama yake. Kosa liko wapi hapo? Hakuna.

Vitanda vya zahanati ile vilitengenezwa na seremala mmoja, mtu wa maneno machache. Akawa anakuja kupima vitanda mara nyingi kuliko vitanda vyenyewe vilivyokuwepo. Mnacheka, lakini ninyi mlianzaje? Wakapendana. Mwaka ulipokwisha wenzake walirudi, yeye akabaki, akaolewa, akahamia kwa seremala. Na begi akahama nalo, akaliweka nyuma ya mlango.

Seremala akamtengenezea kabati la mninga, lenye milango miwili, akamwonyesha upande wake. Nesi akashukuru sana, akasema nguo atazipanga kesho. Ndugu zangu, kesho hiyo ilichukua miaka kumi na miwili. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alimpenda yule bwana kwa roho yake yote. Ila wakikwaruzana kidogo, jicho lake lilikimbilia nyuma ya mlango. Mawifi wakimsema kwamba hajapata mtoto, jicho nyuma ya mlango. Kuliona tu begi kulimtuliza, basi. Mume aliona, akameza. Kila Jumamosi alilifuta vumbi lile kabati, upande wenye nguo zake na upande mtupu.

Mwaka wa kumi na tatu seremala akaugua kifua, na wiki tatu hazikuisha akafariki. Mkewe alikuwa amemshika mkono, akiamini hakuna kitu moyoni mwake ambacho mumewe hakijui.

Matanga yalipoanuliwa na watu kutawanyika, nesi alilivuta begi lile, akalifungua. Kitenge cha mama kilikuwa kimeliwa na nondo. Akakitundika hivyo hivyo kwenye upande wake wa kabati, na nguo nyingine zote akazipanga. Alikuwa amekata shauri kwamba pale ndipo kwao, na lile kaburi atalifagia mwenyewe mpaka siku yake ifike.

Hajakaa sawa, akasikia hodi. Walikuwa mama mkwe na shemeji wawili, wamebeba chakula cha safari kilichofungwa kwenye majani ya mgomba.

"Tumekuja kukusindikiza, mwanangu," mama mkwe akasema. "Umetuvumilia vya kutosha. Basi linapita saa nne."

"Mama, nani amekwambia naondoka?"

"Marehemu alituagiza. Alisema akishazikwa utataka kurudi kwenu, tusikuzuie, na begi usilibebe mwenyewe. Na sisi tumeliona hilo begi miaka yote. Kila nikija hapa nilikuwa naliangalia kwanza begi, ndipo nakuangalia wewe."

Shemeji mmoja akainama kulibeba. Likanyanyuka lenyewe, jepesi kabisa, hakuna kitu. Wakatazamana. Nesi akafungua tu mlango wa kabati.

Mama mkwe akasimama mbele ya zile nguo, akazigusa moja baada ya nyingine.

"Laiti angeliona hili," akasema. "Hata siku moja tu, mwanangu. Angeliona."

Hawakumfukuza. Alikaa nao, wakamtunza, akazeekea pale. Lakini aliyelitengeneza lile kabati aliingia kaburini akijua alikuwa ameoa mgeni.

Sasa tuje kwetu sisi, msimlilie nesi mkasahau nyumba zenu. Wewe baba, mkeo akikukosea chumvi tu unamkumbusha kwamba mlango uko wazi. Wewe mama, miaka ishirini uko hapa na bado ukisema "kwetu" unamaanisha kule ulikotoka, na mumeo anasikia. Na hapa kanisani je? Si tumekaa karibu na mlango, tukivizia nani atatuudhi tuhame? Tunasema tunapenda, na kweli tunapenda. Nesi naye alipenda! Ila mwenzako hawezi kuona ndani ya kifua chako, anachokiona kila asubuhi ni begi.

Nani nyumbani kwako anaangalia begi lako kabla ya kukuangalia wewe? Unamjua, usinitumbulie macho. Bado yu hai? Basi leo ukifika, kabla hujavua viatu vya kanisani, lifungue mbele yake.