Mbaruku na Brashi ya Jini

Sogeeni, niazimeni masikio; machozi mtajifutia wenyewe.

Paliondokea mchora sura, Mbaruku, aliyepewa brashi na jini. Jini akamwonya: "Utakayemchora atapumua ubaoni, lakini sura yake itakutoka moyoni."

Akamchora mfalme. Kesho yake mfalme akapita, Mbaruku asimtambue, asiinuke, akachapwa viboko. Akamchora mama yake. Mama akamletea uji, naye akamwamkia: "Shikamoo, bibi. Unamtafuta nani?" Mama akaweka bakuli chini, akaondoka.

Basi Mbaruku akaificha brashi darini.

Ikawa binti yake, Riziki, akafa. Mkewe, Mize, akamwomba: "Baba Riziki, nichoree mwanangu nimwone." Akakataa. Akaomba tena, akakataa. Mara ya tatu Mize alikumbatia tu kigauni cha mtoto. Brashi ikashushwa.

Akachora mashavu akilia, akachora mdomo akilia. Macho ndiyo huchorwa mwisho. Alipoyatia, Riziki akapumua ubaoni, akacheka. Na machozi ya Mbaruku yakakauka.

"Mize," akauliza akitabasamu, "mtoto mzuri huyu ni wa nani?"

Mize akauma ncha ya kanga.

"Wa jirani," akasema.

Tangu hapo analia peke yake. Ngano nimeitua, mwenye nguvu na aiinue.