Bibi Muhanga na Machela ya Ngiri

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa bibi mmoja."
"Ana nini?"
"Ana goti."
"Goti hata sisi tunalo!"
"Ngojeni lenu lianze kusema. Haya kaeni, na wewe wa nyuma acha kutafuna."

Hapo zamani, kwenye kilima chenye mchwa wengi, aliishi Bibi Muhanga. Shimo lake alilichimba mwenyewe kwa kucha zake, refu, kavu, lenye ubaridi wa ndani ya mtungi. Ila mwaka ule goti lilianza, ka! ka! ka! kila akishuka mtoni. Kuchimba anachimba. Kula anakula. Kusema ndiyo usiseme. Mto tu ndio uliomshinda.

Akaenda barazani, akasema, "Jamani, naomba mtu wa kuniletea mtungi mmoja wa maji kila asubuhi. Basi."

Mtungi mmoja! Wakatazamana kana kwamba ameomba mto uhamishiwe mlangoni kwake.

Sasa, kilima kile kilikuwa na desturi. Mzee wa kuletewa vitu huletewa, akabaki kwake. Mzee wa kushikwa mkono hushikwa mkono, akabaki kwake. Lakini mzee wa kubebwa huhamishiwa ng'ambo ya mto, na anayebebwa hana neno tena barazani. Nyumba yake huchukuliwa na aliyemsemea kwamba ni wa kubebwa. Sijui nani alitunga desturi hiyo, lakini naapa hakuwa na nyumba.

Ngiri alikuwa akilimezea mate lile shimo siku nyingi. Nguvu anazo, meno kama majembe, lakini achimbe shimo lake mwenyewe? Thubutu! Akasimama, khorr! khorr!

"Maskini bibi yetu! Huyu ni wa kubebwa. Nampima mbele yenu. Bibi, unaweza kupanda mti?"

"Muhanga gani anapanda mti, wewe?"

"Hawezi! Unaweza kuruka mtaro?"

"Hata nikiwa mwari sikuruka mtaro."

"Hawezi!"

"Niulize kama naweza kuchimba!"

"Na sasa anafoka. Uzee huo."

Mwenyekiti Nyati, akicheua, akasema, "Naam." Wengine nao, "Naam, naam." Machela ikaletwa. Kwenda mtoni hawakuwa na nafasi, lakini machela walikuwa nayo tayari!

Bibi Muhanga akashika mlango wa shimo lake kwa kucha zote. "Sitoki. Nimeomba maji, mnanipa safari?"

Hapo ndipo alipotoka Mama Sange, kale kanyama ka pua ndefu, mwili mzima haujai kiganja. Ti-ti-ti, akapanda juu ya jiwe.

"Mwenyekiti, Bwana Ngiri kasahau kutaja chakula. Wa kubebwa si hulishwa chungu kizima mara tatu kwa siku, naye kalala tu?"

"Naam," akasema Nyati.

"Sasa bibi na kimdomo chake hiki, chungu kizima atakimaliza wapi? Si kitamwagwa!"

Masikio ya Ngiri yakasimama. "Chungu kizima? Mara tatu?"

"Kalala tu, Bwana Mkubwa. Ila awe hawezi kabisa."

Ngiri akameza mate, gudu! Akanyanyua mguu mmoja. "Aaii! Jamani, hata mimi mguu wangu..."

"Pole!" akasema Mama Sange. "Nami nilishangaa kila siku. Mwenyekiti, mmeshamwona Bwana Ngiri akila? Anakula kapiga magoti!"

"Kweli!" akalia Ngiri. "Ni maumivu hayo! Nimeyaficha miaka mingi!"

"Unaweza kupanda mti?"

"Siwezi!"

"Unaweza kuruka mtaro?"

"Siwezi, mama! Siwezi kabisa!" Akajibwaga kwenye machela, pwaa!

"Basi ni wa kubebwa. Na lile shimo la bibi, nani analisemea?"

"Mimi ndiye..."

"Shh! Anayebebwa hana neno, hata lile alilomsemea bibi."

"Naam," akasema Nyati.

Wakamfunga kamba asidondoke, Nyati na nduguze wakambeba hadi ng'ambo. Chungu kikaja kweli, kimejaa. Uji mwepesi, hauna chumvi.

"Viazi viko wapi?" akauliza Ngiri.

"Viazi vina nyuzi, babu. Utapaliwa."

"Babu nani? Nimepona! Nifungueni, nimepona!"

"Wote husema hivyohivyo," wakamwambia, wakamfunika vizuri.

Barazani watu wakapongezana mpaka koo zikawakauka. Mama Sange akauliza, "Haya, na maji ya bibi?" Mmoja akatazama mawingu. Mwingine akakumbuka msiba.

Mama Sange akatukana tusi ambalo silisemi mbele yenu. Akachukua ganda la konokono, akashuka mtoni, ti-ti-ti, akapanda. Akashuka, akapanda. Safari mia mbili na kumi. Adhuhuri mtungi ukajaa.

"Umechelewa, mwanangu," akasema Bibi Muhanga, akinywa mlangoni kwake.

"Kunywa, bibi. Kesho nitakuja na watoto wangu wote."

Hadithi yangu imefika kwenye kizingiti, asiyeipenda aifungie mlango.

Na funzo lake, kwa kuwa mnapenda mafunzo: mzee akikuomba maji, usimpe maji. Itisha kikao, mpime, mtandikie machela. Maji yanataka miguu. Kikao kinataka makalio tu, na hayo, alhamdulillahi, kila mtu kajaliwa.